Kukausha mabuti ya bodaboda msimu wa masika: kutoka saa tatu usiku hadi alfajiri

Dereva bodaboda wa Dar es Salaam anayefunga kazi saa tatu usiku katikati ya Aprili ana saa nane tu kabla ya kuwahi abiria wa alfajiri. Ndani ya saa hizo anatakiwa ale, alale, na mabuti yaliyolowa chapachapa yawe yanavalika. Wengi huyasukuma chini ya kitanda na kumwachia Mungu. Asubuhi maji ni yale yale, ila sasa ni ya baridi na yananuka.

Hayo yanawezekana kabisa kwa saa nane, bila kifaa cha kununua nje ya nchi. Mpangilio ndio wenye kazi: maji mengi uyatoe kwa nguo na karatasi, yaliyobaki uyatoe kwa upepo, na joto liwe msaidizi tu, tena joto dogo. Wengi huanza na joto, na ndiyo sababu mafundi viatu hawakosi soli za kubandika mwezi wa tano.

Kwanza jua una buti gani

Gambuti la mpira au plastiki halinywi maji. Lifute ndani kwa kitambaa, litundike mdomo ukiangalia chini, na kabla hujamaliza kula limekaribia kukauka. Kama lina bitana ya kitambaa, lifuatilie kama mengine.

Buti la ngozi, liwe la mtumba, la jeshi au lile la mafundi ujenzi lenye chuma puani, hunywa maji kotekote: ngozi, uzi, bitana na soli ya ndani. Hili ndilo nitakalolizungumzia zaidi kwa sababu ndilo lililo miguuni mwa wengi.

Halafu kuna mabuti ya pikipiki hasa, yanayofika kwenye mitumba na kwenye maduka machache, yenye utando usiopitisha maji kama Gore-Tex katikati ya ngozi na bitana. Yana mtego wake. Utando ule hupitisha mvuke wa jasho polepole, lakini maji yakishaingia kwa juu, kupitia shingo ya buti, hayana njia ya kutoka isipokuwa kule kule yalikoingilia. Buti la namna hii linaweza kuwa kavu kabisa ukiligusa nje huku ndani soksi inakamulika. Usidanganywe na sura yake.

Hatua ya 1: Vulia barazani, osha hapohapo

Yageuze, yatikise, maji yamwagike. Kisha suuza matope kwa maji safi, hasa kwenye mishono na pale ngozi inapokutana na soli. Najua inachekesha kumwagia maji kitu unachotaka kukikausha, lakini tope likikaukia kwenye mshono hunyonya mafuta ya ngozi, na kila unapokunja mguu kubadili gia chembe zake zinasaga uzi kama msasa.

Kama umepita kwenye mafuriko, Jangwani au popote bonde la Mto Msimbazi linapofurika, yale si maji ya mvua tena. Yamebeba vyoo na mitaro. Osha buti nje na ndani kwa sabuni ya kawaida, na miguu vilevile. Homa ya mgunda, ambayo Wizara ya Afya iliitangaza mwaka 2022 baada ya watu kuugua Ruangwa mkoani Lindi, hutokana na bakteria walio kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Huingia mwilini kupitia michubuko na ngozi iliyolainika kwa kukaa majini. Mguu wa dereva aliyeshinda ndani ya buti lililolowa una vyote viwili.

Wanaopeleka watu ufukweni Kigamboni na kukanyaga maji ya bahari, suuzeni mara mbili. Chumvi ikibaki ndani huvuta unyevu wa hewani, na buti lililokauka jioni linaamka na unyevu. Kwa sababu hiyohiyo, kama kisima cha kwenu ni cha maji ya chumvi, na visima vya hivyo Dar viko vingi, suuza kwa maji ya mvua uliyokinga kwenye bati. Msimu huu yapo ya kumwaga.

Hatua ya 2: Fungua kila kinachofunguka

Toa kamba zote, siyo kulegeza tu. Vuta ulimi mbele mpaka shingo iwe wazi. Ng'oa soli ya ndani. Nyingi hazijabandikwa, zimewekwa tu, na hata iliyoshikwa na gundi kidogo kisiginoni hutoka ukiivuta polepole. Soli hii ndiyo sponji la buti. Ikibaki ndani, inaziba sakafu yote na kuzuia sehemu iliyo chini yake isikauke. Ikamue ndani ya taulo, usiisokote, kisha itundike peke yake mahali penye upepo.

Nikishauri kitu kimoja cha kununua ni hiki: jozi ya pili ya soli za ndani. Bei yake ni ndogo, na asubuhi unavaa kavu huku za jana zikiendelea kukauka taratibu. Inasaidia kuliko dawa zote za harufu zinazouzwa barabarani.

Hatua ya 3: Kausha kwa nguo, tena kwa nguvu

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo usiku unapoamuliwa. Chukua kanga iliyochakaa, fulana ya pamba au taulo. Isindilie ndani mpaka kwenye pua ya buti, ukandamize kwa ngumi, ubane na kwa nje kwa mkono mwingine. Hesabu hadi thelathini, toa, kamua, rudia. Mara tatu au nne. Ukiona nguo inatoka na unyevu tu bila kukamulika, umemaliza. Kazi ya dakika kumi.

Kwa nini nasisitiza? Fanya hesabu. Hewa ya nyuzi joto 27 inaweza kubeba takriban gramu 26 za maji kwa kila mita moja ya ujazo, ikijaa kabisa. Usiku wa masika Dar unyevu wa hewa ukiwa asilimia 85, nafasi iliyobaki ni kama gramu 4 tu. Mabuti yenye gramu 200 za maji ndani, yaani robo lita kasoro kidogo, yanahitaji angalau mita 50 za ujazo za hewa hiyo kuyabeba. Chumba cha mita tatu kwa tatu na nusu, chenye dari ya mita mbili na nusu, kina mita 26. Kwa hiyo hewa yote ya chumba chako ijae maji mara mbili, nawe umelala humo, koti la mvua linaning'inia mlangoni, na dirisha umefunga kwa ajili ya mbu. Ndiyo maana chini ya kitanda hapakauki kitu. Kila gramu 50 unazozitoa kwa kanga ni hewa ya nusu chumba usiyohitaji tena.

Ukitaka kujua umefika wapi, pima. Jirani mwenye duka ana mizani. Siku ya jua pima buti likiwa kavu, andika uzito kwenye simu. Usiku wa mvua pima tena: tofauti ndiyo maji, gramu kwa mililita.

Hatua ya 4: Gazeti, lakini lisilale humo

Gazeti hunyonya vizuri kwa sababu karatasi yake haina mng'aro. Karatasi za kalenda na majarida ya kung'aa hazifai kitu. Siku hizi habari zimehamia kwenye simu, lakini magazeti ya zamani bado yanauzwa kwa kilo kwa wafunga maandazi. Ukikosa, daftari la mtoto lililoisha linatosha, au karatasi ya ndani ya boksi.

Chana kurasa, zifinyange vipande vilegevu, jaza kuanzia puani hadi kifundoni. Usishindilie, maana karatasi iliyobanwa sana hainyonyi katikati. Badilisha baada ya nusu saa, ambayo ni muda wa kula. Badilisha tena baada ya saa moja. Kisha, kabla ya kulala, toa yote.

Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Gazeti likishalowa linageuka kizibo: linashikilia unyevu na kuzuia upepo usiingie. Mtu anaamka anakuta karatasi imekuwa uji na bitana imekuwa nyeusi kwa wino. Kama bitana ya buti lako ni nyeupe, au unajali soksi zako, tanguliza kitambaa chepesi kisha gazeti.

Na mchele? Mchele ni wa kula. Hunyonya kidogo mno kuliko karatasi, na hakuna atakayeupika baadaye.

Hatua ya 5: Upepo usiku kucha

Pangaboi la darini husaidia kidogo, lakini upepo wake hauingii ndani ya buti. Unapita juu ya mdomo. Unahitaji feni ya mezani au ya kusimama. Laza mabuti ubavu juu ya kigoda, midomo ikitazama feni, umbali wa shubiri moja au mbili. Shingo ya buti refu hupenda kujifunga, kwa hiyo kata chupa ya maji ya lita moja na nusu juu na chini, ibaki bomba, uichomeke shingoni iishikilie wazi.

Bado kuna tatizo: pua ya buti ni kichochoro kisicho na mlango wa pili. Upepo unaogonga mdomoni unarudi bila kufika vidoleni. Kunja kadibodi iwe bomba jembamba, mwisho mmoja uelekee feni, mwingine uzame mpaka karibu na pua, na uache nafasi pembeni ili hewa iliyolowa ipate pa kutokea. Ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo inayotofautisha buti kavu na buti lililokauka shingoni tu.

Feni ya mezani ya wati 50 ikikesha saa nane inakula uniti 0.4 za LUKU. Hakuna hasara hapo. Acha dirisha wazi kidogo, wavu wa mbu ukiwepo, ili hewa iliyojaa itoke.

Umeme ukikatika, au ukiwa huna, kuna njia inayopendwa na wenye mikono. Feni ndogo ya kompyuta mbovu, ya volti 12, hupatikana kwa mafundi wa vifaa vya umeme. Yenye alama ya 0.2A itatumia kama 1.6Ah kwa saa nane. Ifunge kwenye mdomo wa kipande cha bomba la maji, uzamishe bomba kwenye buti, uiunganishe na betri ya sola ya nyumbani. Betri ya pikipiki iache, asubuhi utaihitaji. Bila feni ya aina yoyote, tundika mabuti midomo chini kwenye vijiti viwili barazani, pasiponyesha lakini penye upepo. Hewa iliyopoa kwa uvukizi ni nzito, hushuka na kutoka yenyewe. Ni polepole, lakini ni bora kuliko sakafuni.

Joto: lini lisaidie, lini liharibu

Kila kijiwe kina mtu anayeegemeza mabuti kwenye ekzosi akisubiri abiria. Ekzosi ya pikipiki iliyotoka kazini hupita nyuzi 100 kirahisi. Gundi nyingi za soli hulainika kati ya nyuzi 60 na 80, na kiwandani huipasha moto makusudi kabla ya kuibana soli. Ukiipasha wewe bila kuibana, soli inaanza kuachia, kwanza puani, halafu ubavuni, na mvua ijayo maji yanaingilia hapo.

Ngozi nayo ni protini. Ikiwa na maji huvumilia joto dogo kuliko ikiwa kavu: nyuzi zake husinyaa, na zikishasinyaa hazirudi. Ndiyo maana buti lililokaushwa juu ya jiko linabana kuliko lilivyonunuliwa, na linapasuka pale pale vidole vinapokunjika.

Kipimo ni kiganja. Weka mkono pale unapotaka kuweka buti. Ukiweza kuuacha dakika nzima bila kuungua, na buti litavumilia. Usipoweza, lisogeze.

Kwa kipimo hicho, nyuma ya friji ya zamani yenye nyaya nyeusi panafaa sana; ni joto dogo, la usiku kucha, nawe umeshalilipia. Acha nafasi friji ipumue, na hakikisha buti halidondoshi maji. Mashine ya kukaushia nywele inafaa ikiwa ya hewa baridi au vuguvugu. Mchanga mkavu uliopashwa kwenye kikaango, ukatiwa ndani ya soksi kuukuu na kuachwa upoe mpaka kiganja kiuvumilie, unafika puani kuliko kitu kingine chochote. Ukipoa, unaupasha tena. Jua la mchana ni zuri kwa soli za ndani na kamba, lakini ngozi nyeusi iliyoachwa juani saa saba mchana inapata moto kupita kiasi. Kivuli chenye upepo kinashinda.

Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata kwa dakika chache, hata kwa mabuti ya nani. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Mkaa usiowashwa ni jambo jingine: vipande vichache ndani ya soksi, kwenye buti lililokwisha kukauka, hupunguza harufu.

Nyanda za juu mambo hubadilika kidogo. Hewa ya Njombe au Makete ikiwa nyuzi 12 haiwezi kubeba hata gramu 11 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo feni peke yake inazungusha baridi tu. Huko joto dogo lina thamani zaidi. Jiko la kuni la nje linaruhusu kutundika mabuti mbali juu yake, urefu ambao kiganja hakilalamiki. Yatanuka moshi. Hakuna namna.

Asubuhi

Ingiza mkono mpaka puani, kwa upande wa nje wa mkono, siyo vidole. Ngozi ya hapo inahisi baridi upesi. Kukiwa na ubaridi, bado kuna maji. Sindilia kitambaa kikavu dakika tano wakati unakunywa chai, vaa soksi kavu, weka jozi nyingine ya soksi mfukoni, na saa nne asubuhi abiria wakipungua ubadilishe. Kuvaa mfuko wa plastiki juu ya soksi kunaokoa saa moja au mbili, lakini jasho lako mwenyewe litajaza mfuko, kwa hiyo usishinde nao.

Usiende kazini na kandambili eti mabuti hayajakauka. Vidole na ekzosi havijawahi kupatana, na lami haina huruma na kifundo cha mguu. Raba nzito zilizofungwa kamba ni afadhali.

Katikati ya vidole pakianza kuwasha na kubanduka ngozi nyeupe, hao ni fangasi. Krimu ya klotrimazoli ya duka la dawa huwatibu, ila ukiirudisha miguu kwenye buti lenye unyevu kila siku utakuwa unanunua krimu mpaka kiangazi. Jozi mbili za mabuti za kupokezana, hata ya pili ikiwa mtumba wa bei ndogo, ndiyo tiba.

Mafuta, ukungu na usafi

Dawa ya viatu au mafuta ya ngozi yapakwe buti likiwa limekaribia kukauka, lisiwe linatiririka wala halijawa gumu. Ukipaka likiwa limelowa unafungia maji ndani. Mafuta ya kupikia huchacha na kunuka. Oili chafu ya injini, ambayo wengine huisifia, hulainisha mpira wa soli na kuozesha uzi. Kwa buti lenye utando, paka kidogo sana, usije ukaziba njia ya mvuke.

Ukungu mweupe ukitokea, futia nje, mbali na chumba, kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha pepea mpaka likauke. Usitumie Jiki kwenye ngozi. Wala magadi: ni makali kwa upande wa alkali, wakati ngozi iliyotengenezwa hukaa upande wa asidi, na vikikutana ngozi hupoteza mafuta na kukakamaa.

Mwisho, angalia maji yanakoingilia. Mara nyingi si kwenye soli. Ni kwa juu. Suruali ya mvua ikichomekwa ndani ya buti, inakuwa mfereji unaoelekeza maji yote ya mapaja miguuni. Itoe ipite nje ya buti, ifungwe kifundoni kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu. Kama bado yanaingia puani, jaza buti maji mpaka usawa wa soli usiku mmoja usio na kazi, liweke juu ya kadibodi kavu, utaona doa linaanzia wapi. Hapo ndipo pa kumwonyesha fundi ashone kwa uzi wa nailoni kabla hajapaka gundi. Soli ikianza kubomoka vipandevipande kama ilivyo kwa mitumba iliyokaa ghalani miaka mingi, usimsumbue kushona. Hiyo ni soli ya kubadilisha yote.